Upande wa Kushoto wa Ondrej

Vesper Hollow, Pennsylvania
4 Aprili 1943

Mpendwa mdogo wangu Ondrej,

Salamu kutoka jikoni. Mama anakaanga vitunguu na kabichi, moshi umenijaa machoni, kwa hiyo ukiona doa kwenye karatasi usijidanganye kwamba nakulilia. Sote ni wazima. Baba anakohoa lakini anateremka mgodini kila siku, na ukimwambia apumzike anakuuliza kama makaa yatapanda juu yenyewe. Mbuzi wa akina Ribarik amekula tena pazia letu likiwa kwenye kamba. Mama anataka kujua kama jeshini wanakupa supu ya moto.

Sasa jambo lenyewe. Gazeti la michezo linasema Mullaney, yule wa kituo cha pili aliyekukalisha benchi misimu miwili kwenye timu yenu ya besiboli pale Port Hallam, naye ameitwa jeshini. Miezi miwili baada yako. Wangemchukua yeye kwanza, leo wewe ndiye ungekuwa unaanza. Nilimsomea Baba mezani, kama ninavyomsomea kila kitu kinachokuhusu, akaniambia nirudie. Nikarudia. Akavaa kofia, akaenda kukaa kwenye ngazi ya nje, na chakula chake kikapoa.

Sikuandikii haya ili kukuumiza. Ungeyasikia kwa mtu mwingine, na huyo angekuletea pamoja na huruma, nawe huruma huipendi. Nafasi yako ipo. Vita vitakwisha na utarudi kuicheza.

Glavu yako ya zamani ya kudakia iko salama. Usiniulize sana habari zake.

Dada yako,
Margita


Kambini, Georgia
16 Mei 1943

Dada yangu Margita,

Nawasalimu wote, wewe, Baba, Mama, na mbuzi wa akina Ribarik ambaye naona ndiye peke yake anayeshiba siku hizi. Mwambie Mama supu ipo. Ya moto ndiyo sijaiona.

Habari za Mullaney zilinifikia kabla ya barua yako. Nilicheka, Dada, nakuapia. Unajua kazi ya mchezaji wa akiba ni nini? Ni kukaa kwenye benchi ukitafuna tumbaku, ukimpigia makofi mwenye nafasi, na moyoni ukimwombea mafua. Si ugonjwa mkubwa, mimi si mtu mbaya. Mafua ya siku mbili tu. Nilimwombea Mullaney mafua misimu miwili mizima naye hakupiga hata chafya, halafu alipoondoka mimi ndiye sipo.

Jumapili mchana wanatuachia tupumzike, na mimi nikijilaza nauona uwanja wetu wa jivu nyuma ya mgodi. Unaukumbuka? Baba anatoka zamu, uso mweusi, hajanawa, anashika sepetu na kutupigia mipira ya chini kwa bapa lake kwa kuwa gongo la kupigia hatukuwa nalo. Mpira wenyewe tumeuzungushia utepe mpaka umekuwa mzito kama kiazi. Ukigonga jiwe unakuja puani. Ulikuwa unadaka kuliko mimi, na nakubali leo kwa sababu uko mbali huwezi kunitambia.

Na Baba anafoka, "Ita. Ukiutaka mpira, ita. Mwenzako akiita kwanza, mpishe, hata kama uko mkononi mwako." Siku zote ulikuwa unaita kwanza wewe. Mimi nakupisha, ninabaki nimesimama mikono mitupu. Natamani kurudi hapo kwa jioni moja tu, hata nisiguse mpira.

Kwa nini nisiulize habari za glavu?

Mdogo wako,
Ondrej


Hospitali ya jeshi, Uingereza
12 Januari 1945

Dada Margita,

Mniwie radhi kwa ukimya wa tangu Oktoba. Msishtushwe na anwani. Nilikuwa na baridi kifuani na wameamua nilale kidogo. Chakula ni kizuri na leo nimekula yai.

Mwambie Baba vidole vyangu vyote vipo kumi. Mkono wa kurushia ni mzima kabisa. Miguu pia. Jana nilirusha mpira na kijana mmoja wa Nebraska hapo uani, kwenye theluji, na mkono haukuuma. Vidole havina tatizo lolote.

Anko Ribarik bado anafuga yule mbuzi? Nina hamu ya kabichi za kukunja za Mama, zile za nyama na wali, na ule mchuzi unaobaki chini ya sufuria. Nina hamu ya mambo madogo madogo hata naona aibu kuyaandika.

Mkono ni mzima. Mwambie Baba.

Ondrej


Vesper Hollow
20 Februari 1945

Mpendwa Ondrej,

Tunamshukuru Mungu kwa barua yako. Mama ameibusu, sasa ina alama ya unga. Baba amepunguziwa kazi, siku hizi yuko juu ya ardhi anachambua mawe kwenye makaa, na anasema kazi ya kukaa imemtia uzee. Mbuzi amekufa. Alikula kamba.

Barua yako niliisoma mezani. Baba alifurahi kuhusu vidole. Mimi nilikaa nikawaza. Umetueleza habari za mikono yako mara tano kwenye karatasi moja na hakuna aliyekuuliza. Mtu mwenye baridi kifuani hukutajia kifua. Lakini sawa, sikulazimishi. Utasema siku utakayotaka kusema.

Mimi nafanya kazi kiwanda cha mizinga, zamu ya asubuhi, navaa suruali. Mama bado anageuza uso nikipita. Jumapili baada ya misa nina shughuli nyingine, nayo nitakueleza ukija.

Nenda taratibu, mdogo wangu. Uwanja haujahama.

Margita


Port Hallam, Ohio
28 Aprili 1946

Dada yangu mpendwa,

Natumaini mmeanza kupanda viazi na kwamba kifua cha Baba kimepata nafuu kwa hili jua. Zile wiki mbili nilizokaa nyumbani wakati wa Krismasi zimenishikilia mpaka leo. Mwambie Mama nimenenepa na lawama zote ni zake.

Nimerudi kazini. Sheria inawalazimisha watupokee tuliotoka vitani kwa msimu mmoja, kwa hiyo tumejaa. Wachezaji wawili kwa kila nafasi, na baadhi wana watatu. Meneja wetu, Mzee Tolliver, anatutazama kama mtu aliyetembelewa na ukoo mzima wakati mkate ni mmoja. Mullaney ameacha mpira, anauza magari kwa baba mkwe wake. Maana yake kituo cha pili kinagombewa na mimi pamoja na vijana wawili ambao vita viliwapita kando.

Nina umri wa miaka ishirini na minane. Dada, nikiikosa nafasi mwaka huu, sheria haitanisaidia mwakani na hakuna klabu nyingine itakayonitazama. Ni mwaka huu au basi. Sijawahi kutaka kitu namna hii.

Anayecheza upande wangu wa kulia, kati ya kituo cha pili na cha tatu, ni kijana anaitwa Fassett. Mwepesi, ana mdomo mrefu, lakini si mbaya. Wiki hii nimeanza mechi tatu.

Ondrej


Vesper Hollow
16 Juni 1946

Ondrej,

Sisi ni wazima. Viazi vimeota.

Gazeti limefika. Nimesoma kwamba mpira wa juu ulipigwa nyuma ya kituo cha pili, Fassett akauita mara tatu, watu wa jukwaani wote wamemsikia, na wewe ukaja mbio ukamvamia. Amevunjika mfupa wa bega. Mwandishi anasema "Hudák, anayepigania nafasi yake, aliona afadhali amvunje mwenzake kuliko ampishe." Nilitaka kuirukia hiyo sentensi, lakini Baba alikuwa ananitazama mdomo, akaniambia, "Soma yote."

Baadaye alisema, "Sikumlea ale mpira wa mwenzake." Jumapili hakwenda kukaa na wenzake mbele ya kanisa kama kawaida yake. Alitokea mlango wa nyuma.

Niambie ilikuwaje. Nitamsomea.

Margita


Port Hallam
23 Juni 1946

Dada,

Salamu kwa wote.

Niliutaka mpira ule. Ndivyo ilivyokuwa. Fassett aliita, mimi sikupisha. Msomee Baba hivyo.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo hakuna anayeniongelesha. Viatu vyangu nimevikuta vimejazwa mchanga. Tolliver amenirudisha benchi. Nimekaa mwisho kabisa, upande wa kulia, pembeni ya ndoo ya maji.

Msiniandikie kuhusu jambo hili.

O.


Vesper Hollow
30 Juni 1946

Mdogo wangu Ondrej,

Hii sitaisoma mezani. Naiandika kwenye ngazi ya posta na nitaitumbukiza mwenyewe, kwa hiyo tulia, hakuna mwingine anayesikiliza. Mama na Baba hawajambo. Basi, habari za nyumbani zimekwisha.

Wewe ni mwongo mbaya, Ondi. Mbaya maana yake hujui. Mimi nimecheza na wewe kwenye jivu lile tangu una miaka mitano, na hukuwahi hata siku moja kuchukua mpira ulioitwa na mwingine. Nilikuwa nauita nikiwa mbali, nikiwa siwezi kuufikia, nakuibia tu, na wewe unanipisha na tunautazama wote ukianguka. Mtu wa namna hiyo haanzi uchoyo akiwa na miaka ishirini na minane.

Basi nikarudi kwenye Krismasi. Kwenye meza yetu kiti chako tangu utoto ni kile cha dirishani. Ulipokuja ulimwambia Mama unasikia baridi ya dirisha, ukahamia kwenye pembe, ukuta ukiwa kulia kwako. Wote tukawa kushoto. Kanisani ulikaa ukingoni mwa benchi, ukuta tena kulia. Mama alikuita kutoka stoo mara mbili ukiwa unamenya viazi, hukugeuka, na Baba akacheka akasema jeshi limekufundisha jeuri. Sasa unaniambia umekaa mwisho wa benchi, upande wa kulia, pembeni ya ndoo.

Sikio lako la kulia halisikii. Ndicho ulichokuwa unakificha nyuma ya vidole kumi.

Na mpumbavu wewe umeona heri watu wakuite mchoyo kuliko wakuite kiziwi. Umemwacha Baba apite mlango wa nyuma wa kanisa. Nimekukasirikia sana kwa hilo, na nimelia pia, na safari hii hapakuwa na vitunguu.

Sasa nisikilize kwa sikio lililobaki. Kwenye kituo cha pili wenzako wako pande zote mbili, na anayekuita mara nyingi yuko kulia. Pale huwezi. Lakini kituo cha tatu, kulia kwako kuna nini? Kuna mstari wa chokaa, halafu hakuna kitu. Kila mtu wa kukuita yuko kushoto. Ningekuwa wewe ningemwambia Tolliver leo aniweke pale. Najua mkono wako ni dhaifu kwa urushaji ule wa mbali, hadi kituo cha kwanza. Simama mbele zaidi, uudake mapema, urushe haraka.

Unajiuliza mimi nayajuaje haya. Vizuri, zamu yangu. Tangu mwaka wa arobaini na tatu nachezea timu ya wanawake ya kiwanda, na glavu ni yako. Nimeibadilisha kamba na sasa imeshika umbo la mkono wangu, kwa hiyo usiidai. Nilianza kituo cha pili, sasa nasimama kati ya cha pili na cha tatu. Mama hajaja hata mara moja. Baba alinikataza, akapiga meza, akasema mwanamke mwenye suruali anatosha, mwenye glavu amezidi. Jumapili ya tatu nikamwona amejibanza nyuma ya mabehewa ya makaa, anachungulia. Tulipomaliza alinipita bila kusimama, akaniambia tu, "Unaita kwa sauti ndogo." Tangu hapo hajakosa mechi.

Mwambie Tolliver. Tafadhali.

Margita


Port Hallam
15 Septemba 1946

Dada yangu,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Natumaini viazi vimetoka vizuri na mnapata usingizi. Barua yako nimetembea nayo mfukoni Julai yote kabla ya kupata moyo wa kuitii.

Ilikuwa kombora, karibu na mji ambao jina lake siwezi hata kulitamka. Lililipuka upande wa kulia. Wenzangu wawili hawakuinuka, mimi nikainuka na sikio linalovuma kama bomba la maji. Daktari alisema halitarudi. Ningeanzaje kulalamikia sikio? Na ningemwambia nani, wakati kila ninachoandika kinasomwa mbele ya Baba anayengoja kusikia nitacheza lini?

Mwezi wa nane nilimfuata Tolliver ofisini kwake. Alikuwa anakula yai la kuchemsha. Nikamwambia yote. Aliweka yai chini.

"Kwa nini hukusema Aprili?" akaniuliza.

"Ningesema Aprili ungenibakiza, Mzee?"

"Hapana," akasema. "Ningekutafutia namna ya kukuondoa kabla ya Mei."

Nilimpenda kwa kutonidanganya. Nikamwambia habari ya kituo cha tatu. Akauliza nani amenipa akili hiyo, nikasema dada yangu, anacheza kiwandani. Akasema inafaa amwajiri dada yangu anitimue mimi.

Fassett nilimfuata kwao, mkono wake bado ukiwa umefungwa. Nilitaka kuongea, mama yake akaniletea keki, nikala keki yote nisijue pa kuanzia. Mwishowe nikamwambia. Alinitazama akasema, "Kwa hiyo nilipoteza msimu kwa kupiga kelele kwenye sikio bovu?" Halafu akaanza kucheka, bega likamuuma, akacheka huku anatukana. Kesho yake viatu vyangu havikuwa na mchanga.

Tolliver alinipa kituo cha tatu mechi sita. Nilisimama mbele kama ulivyosema. Dada, nilicheza. Sikumbuki kama nilikuwa na furaha hivyo hata kabla ya vita. Mechi ya mwisho, Jumapili iliyopita, mpira wa juu ulipanda sambamba na mstari wa kulia kwangu, pale ambapo hapana mtu. Hapakuwa na wa kumpisha wala wa kumwambia. Nikauita hata hivyo, kwa sauti yote niliyo nayo, "Wangu", na watu wa jukwaani wakacheka. Niliudaka.

Jumatatu Tolliver aliniita. Msimu wa sheria umekwisha na wana kijana wa miaka kumi na tisa mwenye mkono kama bunduki. Alinipa mkono, akaniambia anasikitika, na naamini anasikitika. Nilijizuia mpaka kituo cha basi. Hapo nililia kama mtoto, watu wakanipisha.

Kwa hiyo imekwisha. Misimu mitatu, na mingi yake nimeitazama nikiwa nimekaa. Mwambie Baba ukweli wote. Mimi sijui nitamwangaliaje.

Ondrej


Vesper Hollow
22 Septemba 1946

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu zote, viazi ni vingi na vidogo, Mama hajambo.

Nilimsomea Baba barua yako yote, pamoja na kombora. Aliniambia niache. Alikwenda kunawa uso, akakaa huko muda, akarudi akasema niendelee. Nilipofika kwenye basi alishika kofia yake akaizungusha, akaizungusha. Halafu akaniuliza sikio ni lipi. Nikamwambia.

Leo asubuhi, baada ya misa, alitoka mlango wa mbele. Wenzake wote walikuwa pale kwenye ngazi, Ribarik na wale wa zamu yake ya zamani waliosema mengi Juni. Hakuwasalimu. Alisimama katikati yao, akasema kwa sauti mpaka padri akachungulia, "Mwanangu sikio lake la kulia liliondoka vitani. Mwenye neno la kumsema, namwomba amfuate upande wa kushoto amwambie." Ribarik akavua kofia.

Njoo nyumbani, Ondi. Wanaume wa mgodi wamefufua timu yao ya Jumapili, lakini waliorudi hawatoshi, kwa hiyo imewabidi watuchukue wanawake wawili, na wanajifanya wametufadhili. Kituo cha tatu hakina mtu. Mimi ndiye ninayesimama pembeni yake, kwa hiyo nitakuwa kushoto kwako mchezo wote. Baba anasema siku hizi naita kwa sauti ya kutosha.

Dada yako,
Margita